Kipara cha Muuza Shampuu

Sehemu ya Saba: Mwosha Huoshwa

"Haa! Pyo Dong-ha! Ni wewe?"

Msomaji wangu, sauti hiyo ndiyo iliyotukata pumzi Jumamosi iliyopita. Ilitoka ndani ya simu ya Pyo Dong-ha, muuza shampuu maarufu wa televisheni, naye akiwa amejichimbia ndani ya gari lake, ghorofa ya chini kabisa ya maegesho ya kampuni, jijini Seoul. Saa nne na nusu asubuhi, kofia mapajani, kichwa wazi. Alikuwa amenunua dakika kumi za daktari wa simuni. Alitarajia mzee mwenye miwani, mtu baki asiyemjua. Kumbe kwenye kioo katokea mwanamke wa miaka thelathini na tatu hivi, koti jeupe, nywele kazifunga kisogoni, paji la uso pana linang'aa.

Paji lile Dong-ha asingeweza kulisahau.

Miaka mitatu nyuma, mama yake alimtafutia mchumba kwa mshenga, na mchumba mwenyewe alikuwa huyu, Daktari Noh Hae-rim. Walikutanishwa kwenye mkahawa wa hoteli, wakanywa kahawa nusu saa. Kesho yake Dong-ha akamwandikia mshenga: "Dada ni mzuri, ila lile paji! Ndege inatua na kupaa." Mshenga, kwa umbea wake, akaupeleka ujumbe kama ulivyo, hata nukta hakupunguza.

Leo uwanja wa ndege ulikuwa umehamia juu ya kichwa cha Dong-ha.

"Daktari Noh," akasema. "Sikujua ni wewe. Simu iliniandikia tu, daktari yupo."

"Na mimi niliandikiwa, mgonjwa wa kiume, miaka thelathini na sita, nywele zinamtoka. Haya, nikate utafute mwingine, au tuendelee? Dakika zako hizo zinakwenda."

Kidole cha Dong-ha kilishafika kwenye kitufe chekundu. Akakirudisha. Madaktari wengine walikuwa wamejaa mpaka Jumanne, na hospitali asingeweza kukanyaga. Sura yake ilijulikana nchi nzima. Muuza shampuu ya kuotesha nywele akipigwa picha kwenye mlango wa daktari wa nywele, basi kesho yake hana kazi.

"Tuendelee," akanong'ona.

"Inamisha kichwa. Zaidi. Sogeza simu utosini. Washa na tochi."

"Tochi tena?"

"Kaka, gizani nitaona nini? Paji langu linang'aa, sikatai, lakini haliwezi kukumulikia mpaka huko."

Dong-ha akainama mpaka pua ikagusa usukani. Mwanaume aliyezoea kutengenezewa mwanga na watu watatu, leo anajimulika mwenyewe utosi kama anayetafuta sindano iliyodondoka.

"Hivi vyeusi vyeusi ni nini?"

"Ni... unga. Nyuzi za kunyunyiza. Zinaziba mapengo."

"Futa nione."

Akafuta kwa karatasi laini. Karatasi ikatoka nyeusi kama imefutia sufuria.

"Mmh," akasema daktari.

Ile mmh, msomaji, haikuhitaji shahada kuielewa.

"Zimeanza kutoka lini?"

"Mwaka wa nne huu."

"Umetumia nini?"

"Maharage meusi. Mama ananitumia kila mwezi, napikia wali mpaka nayaota. Mwani. Kitana cha taa nyekundu. Halafu kila asubuhi nasimama kichwa chini, miguu ukutani, damu ishuke."

"Ikashuka?"

"Ilishuka. Nywele nazo zikaifuata."

Daktari aliuma mdomo asicheke. "Na shampuu yako mwenyewe? Hiyo Msitu Mweusi? 'Leo kipara, kesho msitu!' Nakusikia kila wiki."

Dong-ha akakohoa. "Daktari, mimi naiuza. Sijasema naitumia."

Kicheko kikakatika usoni kwa Hae-rim.

"Mama yangu anaitumia," akasema polepole. "Nywele zilianza kumpungua, nikamwandikia dawa, ikaanza kumsaidia. Wewe ukasema hewani, tupeni dawa zenu, njooni msituni. Akazitupa. Mimi bintiye, daktari wa ngozi, nikamwambia, mama rudia dawa. Unajua alinijibu nini? 'Yule kijana wa televisheni ana nywele kukuzidi wewe.'"

"Pole sana, Daktari."

"Pole hiyo mpelekee yeye. Tuendelee. Baba yako alikuwa na kipara?"

"Hapana! Alifariki na miaka sitini na mbili, nywele tele, nyeusi tii."

"Una uhakika?"

"Nimeishi naye nyumba moja, Daktari."

"Basi wewe ni muujiza. Kichwa hiki ni cha kurithi. Nakisoma kama ninavyosoma jina lako la ukoo."

Dong-ha alitaka kubisha, lakini daktari hakumpa nafasi. Kidonge kimoja kila siku. Dawa ya maji ya kupaka asubuhi na jioni. Akiona moyo unakwenda mbio, au hamu ya chumbani imepungua, aseme, asione haya.

"Zitaota lini?"

"Sikiliza vizuri. Wiki za mwanzo huenda zikazidi kutoka, usipige mayowe. Baada ya miezi sita tutaangalia kama zimetulia. Zilizokwisha kufa usizisubiri mlangoni."

"Miezi sita! Nina kipindi saa tano!"

"Saa tano ya lini?"

"Ya leo!"

"Basi vaa kofia."

Ngo! Ngo! Ngo!

Dirisha la gari liligongwa hata kioo kikatetemeka. Dong-ha akaiangusha simu chini ya kiti, akaibandika kofia kichwani. Nje alisimama bosi wake, Mkurugenzi Ki Man-seok, mfupi, mnene, mwenye tabasamu la mtu aliyepata wazo. Wafanyakazi wote waliliogopa tabasamu lile.

"Dong-ha! Toka humo! Unafanya nini gizani kama mwizi wa betri?"

"Najisomea maneno ya kipindi, bosi."

"Tupa maneno! Leo hakuna maneno. Leo unaosha."

"Naosha nini, bosi?"

"Kichwa! Hewani!" Mkurugenzi alipiga makofi. "Beseni jeupe, maji ya uvuguvugu, kamera moja juu, nyingine ubavuni. Watu wamechoka na mdomo wako, wanataka kuona msitu wenyewe ukinyeshewa!"

Dong-ha akaivuta kofia mpaka masikioni.

"Bosi, leo nina mafua."

"Maji ya moto ndiyo dawa ya mafua."

"Tumwite yule dada wa mitindo..."

"Yule kila mtu anajua ana nywele. Wewe ndiye sura ya Msitu Mweusi. Mkataba wako mpya uko mezani kwangu. Ukiosha, nasaini. Usipoosha, kuna kijana anasubiri koridoni, ana nywele kama farasi wa mashindano. Chagua."

Mara kutoka chini ya kiti ikasikika sauti ya kike: "Bwana Pyo, cheti cha dawa nimekutumia. Muda wako umekwisha."

"Nani huyo?" Mkurugenzi akakodoa macho.

"Mashine ya maegesho, bosi," akasema Dong-ha, akatoka na kuufunga mlango kwa kiuno.

*

Saa tano kamili, taa nyekundu ikawaka. Hewani!

Dong-ha alisimama nyuma ya beseni jeupe kama mtu aliyesimamishwa mbele ya kaburi lake. Kichwani alikuwa amejimiminia kopo zima la unga wa nyuzi, utosi ukapendeza kuliko siku zote. Ukiutazama kwa mbali ungeapa ni wa kijana wa chuo.

Akaanza kuongea. Akaongea kuhusu beseni. Akaongea kuhusu maji, faida za maji, historia ya maji. Akaongea kuhusu taulo. Mkurugenzi, nyuma ya kamera, alikuwa anafanya ishara ya kumwaga, mara ya kwanza kwa upole, mara ya tano kama mtu anayefukuza nyuki.

"Kabla sijaosha," akasema Dong-ha, akishika uzi wowote aliouona, "tumsikie mteja wetu aliye kwenye simu! Karibu, mteja! Unatupigia kutoka wapi?"

"Natokea Gunsan," ikajibu sauti ya bibi.

Moyo wa Dong-ha ukalia paa. Ilikuwa sauti ya mama yake!

Mama wa watu alikuwa amejiandikisha kwa siri amsaidie mwanawe. "Mimi ni mteja wa kawaida tu," akaendelea, anajitahidi kuficha lafudhi. "Huyo kijana simjui hata kidogo. Shampuu ni nzuri sana. Na kijana mwenyewe naona ana adabu, tena nasikia hajaoa."

Studio nzima ikacheka. Mkurugenzi hakucheka. Alimkonyeza msaidizi aliyeshika jagi. Msaidizi akamkamata Dong-ha shingoni, akamwinamisha, akamwaga.

Mwosha huoshwa.

Maji yaliingia kichwani safi, yakatoka meusi. Yalishuka kwenye paji, yakachora mito miwili mashavuni, yakajaa kwenye beseni jeupe kama wino wa ngisi. Msaidizi, maskini, akidhani ni uchafu, akamimina shampuu, akasugua kwa bidii. Kadiri alivyosugua ndivyo msitu ulivyofyekwa. Na kamera ya juu, ile aliyoitaka mwenyewe Mkurugenzi, ikauonyesha utosi mzima, mpana, mweupe, unameta chini ya taa.

Hata mafeni yalionekana kusikiliza.

Kwenye simu, mama alisahau kabisa kwamba hamjui kijana yule.

"Mwanangu! Nani kakumwagia wino?" Halafu akasema kwa sauti nyingine kabisa, "Jamani. Kichwa cha baba yako hicho."

Dong-ha akainua uso, unachuruzika. "Mama, baba alikuwa na nywele!"

"Lilikuwa wigi, Dong-ha."

"Wigi?"

"Miaka thelathini. Alilala nalo. Aliniapisha nisikwambie. Hata siku ya kumzika nilimvisha, kwa sababu alinisihi."

Hapo, msomaji, hata mimi ninayependa kumcheka kijana huyu nilisita kidogo. Kwa maana Dong-ha alikumbuka Jumapili za utotoni. Baba za wenzake waliwachukua watoto wao kwenye mabafu ya umma, wakasuguana migongo, wakatoka wamekuwa wekundu, wananunuliana maziwa ya ndizi. Baba yake hakumpeleka hata siku moja. Kila akiombwa alikuwa na kazi, au anaumwa mgongo, au maji ni ya moto mno. Dong-ha alikua akiamini kwamba baba hampendi.

Kumbe baba alikuwa anaogopa mvuke.

"Kata!" Mkurugenzi alinong'ona kwa nguvu. "Weka tangazo la mbavu za ng'ombe! Kata!"

Lakini mpiga kamera alikuwa anacheka mpaka machozi, kitufe hakukiona.

Dong-ha alijifuta kwa taulo. Taulo nalo likawa jeusi. Akatazama moja kwa moja kwenye kamera, na kwa mara ya kwanza ndani ya miaka miwili akasema jambo ambalo hakuandikiwa.

"Ndugu watazamaji, hii shampuu inatoa uchafu. Nywele haioteshi. Mmeona wenyewe. Mimi nilikuwa sijawahi kuitumia mpaka leo." Akalikunja taulo. "Kuna mama mmoja alitupa dawa ya daktari kwa sababu yangu. Mama, popote ulipo, nisamehe. Umsikilize binti yako."

"KATA!"

Mbavu za ng'ombe zikajaa kwenye kioo.

Mkurugenzi Ki alimfikia kwa hatua tatu. "Umekwisha! Unanisikia? Leta kitambulisho! Leta!" Akakinyofoa shingoni mwa Dong-ha pamoja na kamba yake.

Mara simu za wateja zikaanza kulia, moja, tano, zote kwa pamoja. Mkurugenzi akageuka, uso ukachanua. "Ngoja kwanza! Unasikia hizo? Wameguswa! Watu wanapenda machozi! Binti, wanataka chupa ngapi?"

Binti wa simu akashusha kipokeo taratibu.

"Wanarudisha, bosi."

*

Adhuhuri ilimkuta Dong-ha mtaa wa maduka ya dawa wa Jongno, cheti kikiwa ndani ya simu, kichwa wazi juani. Kofia aliisahau studio, na alipokumbuka hakuona tena sababu ya kuirudia. Watoto wa shule wawili walimpita, wakatazama simu zao, wakamtazama yeye, wakaangua kicheko.

Mama alikuwa amepiga mara tatu. Mara ya nne akapokea.

"Mwanangu, umekula?"

"Sijala, mama."

"Unanichukia?"

"Hapana." Akafikiri kidogo. "Baba alikuwa anaogopa nini, mama? Mimi si mwanawe?"

"Aliogopa utamcheka. Ulikuwa mtoto wa kucheka watu sana, Dong-ha. Hata vichwa vya watu kwenye basi ulikuwa unavihesabu."

Lile paji la hotelini likamjia tena akilini, na safari hii hakuona cha kuchekesha. Akaagana na mama, akasukuma mlango wa duka.

Ndani kulikuwa na foleni. Wanaume kumi na wanne, wote kimya, wote wamevaa kofia. Kofia za jua, za mpira, za kupanda mlima, moja hata ya sufu katika joto lile. Walikuwa wamekuja kuchukua vidonge vilevile.

Wa mwisho akageuka. Akamwona. Akamgusa wa mbele yake begani.

Kofia kumi na nne zikageuka.

"Ni yeye," akasema mmoja.

"Leo kipara, kesho msitu," akasema mwingine, taratibu, kama anayesoma hati ya mashtaka.

"Mimi nilitumia mwaka mzima."

"Mimi nilimnunulia na shemeji. Hatusemeshani mpaka leo."

Dong-ha akarudi hatua moja, mgongo ukagonga kioo cha mlango. "Ndugu zangu," akasema, "pigeni tu. Lakini kichwani msipige, hata hizi chache nazihitaji."

Mtu mmoja akacheka bila kutaka. Mwingine akamfuata. Mara duka zima likatikisika kwa kicheko cha wanaume waliokaa kimya muda mrefu mno, na mzee mwenye kofia ya sufu akasogea pembeni, akampisha kwenye foleni. "Simama hapa, muongo wee. Angalau leo umesema kweli. Katika waongo mia moja, wewe ndiye wa kwanza."

Mmoja tu hakucheka.

Alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na dirisha, mwanaume mwembamba wa miaka hamsini hivi, mikono ndani ya glavu nyeupe za pamba. Akainuka. Akamsogelea Dong-ha, akamnusa kichwani kama mtu anayenusa maziwa yaliyolala.

"Ile chupa ya leo," akauliza. "Kifuniko chake kilikuwa cheusi au cha kijani?"

"Kijani, mzee. Kwa nini?"

"Ilikaa kichwani muda gani kabla ya kusuuzwa?"

Dong-ha akajaribu kukumbuka. Mbavu za ng'ombe. Kitambulisho. Simu. "Sikusuuzwa. Nilijifuta tu na taulo. Kwani wewe ni nani?"

"Kang. Mimi ndiye niliyekuwa naikoroga pale kiwandani. Mpaka juzi."

Akavuta glavu ya kulia, kidole kimoja baada ya kingine. Mzee wa kofia ya sufu akageuza uso. Mkono ule haukuwa na ngozi ya kutazamika, na kucha zote tano hazikuwepo.

"Za kijani zimetoka jana," akasema Kang. "Zimeshasambazwa nchi nzima. Nilimpigia Mkurugenzi wako mara sita, akaniambia ana kipindi." Akamgeukia mfamasia. "Dada, kuna bomba huko nyuma? Fungua maji yote, haraka! Na nyinyi mshikeni mikono huyu, asijikune!"

Lakini kichwa cha Dong-ha kilikuwa kinawasha tangu alipovuka barabara, na mkono wake ulishakuwa juu huko.

Akaushusha taratibu, watu kumi na watano wanautazama.

Haukurudi mtupu: zile nywele chache zilikuwa kiganjani.